Kilio cha Maman Katika Gazeti la Aislandi

Kwa mwaka mzima nilijua ni nani amekufa Aislandi. Sijawahi kukanyaga nchi hiyo. Nilikuwa nakaa Brussels, katika chumba cha juu cha nyumba nyembamba ya mtaa wa Saint-Josse, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikunywa chai huku nikisoma tanzia za watu wa kisiwa kile kana kwamba ni majirani zetu wa Bukoba.

Wageni wanaokuja kwangu sasa, wakikaa barazani na kuliona ziwa lote limelala chini yao, huniuliza habari za Ulaya. Wanataka treni za chini ya ardhi, theluji na mishahara. Nawapa hizo kidogo, maana nyumba hii wanayoishangaa ilijengwa kwa mishahara hiyo. Lakini nikiona mgeni ana masikio mazuri, namsimulia Aislandi.

Kwanza mjue anayesimulia ni nani. Nilipokwenda Brussels hakuna mjomba aliyenitangulia na hakuna serikali iliyonifadhili. Nilisafisha ofisi katika mnara mmojawapo wa vioo karibu na stesheni ya Gare du Nord, nikisoma kila saa iliyobaki, na miaka michache baadaye nikaingia katika mnara uleule kwa mlango wa mbele, kadi ya mfanyakazi shingoni, shahada ya uzamili ya mipango miji kabatini. Mlinzi aliyezoea kuniona na ndoo alisimama kunisalimia. Kifaransa nilijifunza mwenyewe. Kiholanzi nilifanyia mtihani nikafaulu. Watu wa Bukoba tunasemwa kwamba tunajisifu. Mimi naona tunatoa taarifa tu.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mama mmoja wa Goma, aliyekimbia vita zamani na sasa alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee kule Laeken. Kila mtu alimwita Maman, nami pia. Yeye aliniita Diplôme. Nikichelewa kushuka kula, sauti yake ilipanda ngazi: "Diplôme! Ukuje, chakula haingoje master yako!"

Maman alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, aliyepokelewa Aislandi kama mkimbizi pamoja na binti yake. Huyo mdogo alifanya kazi katika kiwanda cha samaki, kwenye mji mdogo wa pwani. Walipigiana simu kila Jumapili baada ya kanisa, sauti imefunguliwa kwa nguvu, simu imeegemezwa kwenye bakuli la matunda, na nyumba nzima ilisikia. Ndivyo nilivyomfahamu. Sikuwahi kumwona isipokuwa katika kioo kile kidogo, akiwa amevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba.

Basi mwaka ule ardhi ya mji wake ilianza kutetemeka. Barabara zikapasuka. Watu wote wakahamishwa, na baadaye moto ukatoka, tena si kileleni mwa mlima kama tunavyochora shuleni, bali katika ufa mrefu uliochanika kwenye uwanda. Ukitaka kujua jinsi habari hiyo ilivyopokelewa Saint-Josse, kumbuka kwamba dada hawa ni watu wa Goma, mji uliojengwa chini ya volkano.

"Yaya," mdogo alisema Jumapili ile, maana ndivyo watu wa Goma wanavyomwita dada mkubwa, na alikuwa anacheka, "mulima imenifuata!"

"Usicheke, weye!"

"Nilikimbia ile ya Goma. Nikavuka bahari. Sasa ona, iko napiga hodi huku ku baridi."

"Uko fasi gani sasa?"

"Walitupa appartement ku capitale. Iko muzuri, haiko na baridi. Mais Yaya, hawa batu haba­pige kelele. Banahama kama banaenda kununua mukate."

Maneno hayo ndiyo yaliyonikamata. Mimi ni mtu wa mipango miji. Nilitaka kujua mji unahamishwaje bila kelele, nani anatoa amri, nani anafunga maji, paka wanaenda wapi. Nikaanza kusoma magazeti yao kwa msaada wa mtambo wa kutafsiri ulio kwenye simu. Tafsiri zilikuwa za ovyo lakini nilielewa. Na kama ilivyo kwa mtu anayeingia sokoni kutafuta chumvi, nilitoka na vingine vingi.

Niligundua kwamba watu wale huitana kwa jina la kwanza tu, hata daktari, hata rais. Mwaka ule walichagua rais mpya, na magazeti yakamwandika kwa jina lake la kwanza kama mtoto wa jirani. Niligundua kwamba kiangazi chao kilikataa kuja, theluji ikaangukia kondoo mwezi Juni. Dubu mweupe alifika ufukweni, inadhaniwa alisafirishwa na barafu, polisi wakampiga risasi, na nchi ikabishana kama ilikuwa haki. Nilipomsimulia Maman mezani, aliweka kijiko chini.

"Alikuja yeye peke yake?"

"Peke yake."

"Kama réfugié," alisema. "Na hakuna hata mumoja aliyemuuliza anatafuta nini?"

Lakini kilichonishinda kabisa ni vifo. Redio yao ya taifa husoma matangazo ya vifo hewani, kama zilivyofanya redio zetu nilipokuwa mdogo, wakati nyumba nzima iliponyamazishwa ili bibi asikie. Hilo lilinipa ukaribu nao. Gazeti lakini lilinipa jambo nisilowahi kuliona popote. Mtu akifa kule, hata kama alikuwa mfua vyuma wa kijijini, siku ya mazishi yake gazeti huchapa makala juu yake, na si makala moja. Mke anaandika, wajukuu wanaandika, jirani, mwenzake wa kwaya, yeyote anayetaka. Na wengi wao hawaandiki juu ya marehemu. Wanaandika kwa marehemu. Wanamwita "wewe".

Nakumbuka mfugaji mmoja wa kondoo. Wajukuu zake waliandika: ulitukataza kupanda trekta, kisha ukaacha ufunguo mahali tulipoweza kuufikia, na hadi leo hatujui kama ulisahau. Nakumbuka mwalimu wa hesabu ambaye jirani yake alimlalamikia, gazetini, siku ya maziko, kwamba kahawa yake ilikuwa nyepesi mno na hakukubali kamwe kuambiwa. Nilisoma hayo nikiwa kwenye tramu, nikacheka peke yangu, Wabelgiji wakanitazama.

Maman aliposikia hakufurahi.

"Banamulalamikia maiti? Mbele ya batu?"

"Wanamwandikia kama barua, Maman."

"Maiti hasome," alisema, akinisogezea bakuli la kisamvu. "Ongeza sombe, usiache ipoe."

Hata hivyo kila jioni alikuwa akiniuliza: "Alors, kule Islande, leo nani?" Nami nilimwambia. Nikawa waziri wa mambo ya Aislandi katika nyumba ile, na kwa kweli hakuna mtu mwingine Saint-Josse ambaye angeiweza kazi hiyo.

Mwaka ulipokuwa unakaribia kwisha, mdogo wa Maman alifia hospitali. Ulikuwa moyo.

Binti yake hakumpigia Maman simu. Alijua utaratibu. Habari kama hiyo haipelekwi kwa simu kwa mwenyewe. Inapelekwa na watu, ili akianguka kuwe na mikono ya kumdaka. Kwa hiyo alinipigia mimi kazini, na mimi nikampigia mzee aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha watu wa Goma, ambaye sote tulimwita Papa Président. Tukaenda pamoja hadi Laeken, tukasimama nje ya nyumba ya wazee tukisubiri Maman amalize zamu.

Alitoka akiwa anafunga vifungo vya koti. Akamwona Papa Président amevaa suti siku ya kazi. Akaniona mimi, niliyepaswa kuwa ofisini.

"Ni nani?" aliuliza.

Hatukujibu. Ndivyo inavyotakiwa.

"Ni mudogo yangu," alisema, na kilio kikatoka hapohapo barabarani. Alimwita mdogo wake kwa majina yote ya utotoni. Alimuuliza maswali. Alimgombeza. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wake na kutafuta teksi, na kama wanaume wengi katika saa kama hiyo, niliisikia sauti bila kuyasikia maneno.

Nyumba yetu ikawa ya matanga. Viti vikatoka kwenye chama, masufuria yakatoka kwa majirani, sebule ikajaa. Na hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Kitambulisho cha ukaazi cha Maman kilikuwa kinahuishwa, na karatasi ya muda aliyokuwa nayo kutoka commune, yaani ofisi ya manispaa, haikuruhusu kuvuka mpaka. Asingeweza kwenda kuzika. Mpwa wake, yule binti wa marehemu, ambaye sasa alikuwa ananipigia simu mara kwa mara na kuniita Tonton, yaani mjomba, alisema ibada itarushwa kwenye mtandao na wataiona wote kwenye televisheni.

"Kutazama, nitatazama," Maman alisema. "Mais mukubwa haendake kutazama. Mukubwa anasema. Muntu akizikwa na mukubwa yake hajasema neno, amezikwa kama aliokotwa."

Wamama waliokuwa sebuleni waliitikia, maana hiyo ndiyo kweli kwao na hata kwetu. Ndugu mkubwa husimama na kusema. Asiposema, watu huuliza kuna nini.

Mpwa, aliyekuwa bado kwenye simu, akasema: "Mama Mukubwa anaweza kusema mu gazeti. Itatoka siku ileile ya mazishi. Wenzake wa kiwanda wameshaandika. Kila muntu atakayekuja kanisani atakuwa amesoma. Mais lazima ifike kesho mbele ya midi, saa sita ya muchana, baada ya pale ukurasa inafungwa."

Maman alinitazama. Sebule nzima ilinitazama.

"Diplôme," alisema. "Andika."

Niliandika, na sisemi uongo, niliandika vizuri. Niliandika wasifu wa marehemu kama unavyosomwa kwetu kwenye kipaza sauti, kabla jeneza halijashushwa. Marehemu alizaliwa mjini Goma. Marehemu alipata elimu yake ya msingi mahali fulani, akabatizwa mahali fulani. Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akapelekwa hospitali, madaktari wakajitahidi kadiri ya uwezo wao. Marehemu ameacha mtoto mmoja, dada na wajukuu kadhaa wa ukoo. Kila sentensi ilisimama wima. Nilipousoma mbele ya watu, wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja akasema kwamba Watanzania Mungu aliwapa Kiswahili.

Papa Président alikohoa.

"Iko muzuri sana, mutoto yangu. Mais shukrani iko wapi?"

"Shukrani gani, Papa?"

"Comment, shukrani gani? Chama kimetoa viti. Kwaya imekuja. Pasteur amekuja mara mbili. Na président," aliongeza kwa unyenyekevu, "amefika mpaka Laeken."

"Papa, ni gazeti la Aislandi."

"Justement. Bajue na kule."

Nikaongeza aya ya shukrani. Kwaya ya wamama ikataka itajwe kwa jina lake kamili. Mtu aliyeleta soda akauliza kwa upole kama soda haihesabiwi. Mpaka nilipomaliza, marehemu alikuwa amebaki juu kabisa, na chini yake kulikuwa na Brussels nzima. Nikaitafsiri kwa Kiingereza ili mpwa aitie katika lugha ya kule, nikatuma.

Alinipigia baada ya muda mfupi. Sauti ilikuwa imefunguliwa, simu imeegemezwa kwenye bakuli la matunda.

"Tonton, asante sana. Mais hii haitawezekana."

"Kuna kosa?"

"Hapana kosa. Fasi alizaliwa, mutoto aliacha, kazi alifanya, gazeti inaandika yenyewe pale juu. Mara moja tu, kwa batu wote banaoandika. Hii yako, Tonton, ni kama unamutafutia mama kazi."

Sebule ilicheka. Hata Maman, mara ya kwanza tangu siku ile, alicheka akiwa amefunika mdomo kwa kitenge. Mimi sikucheka.

"Na Mama Mukubwa," mpwa aliendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "iko wapi humu ndani? Nimemutafuta sikumuona."

Watu walipoanza kutawanyika, nilikaa na Maman jikoni. Nikamwambia aseme yeye, mimi niandike. Alinyoosha mgongo, akaweka mikono juu ya meza, na kilichotoka ni Kifaransa cha kanisani: dada mpendwa, pumzika kwa amani, ulikuwa mwanga kwa wote.

"Haiko yeye," alisema mwenyewe. "Futa."

Nilijaribu kumuuliza maswali, maana kuuliza ni kazi niliyosomea. Alijibu kwa neno moja moja. Mdogo wake alikuwa muzuri. Alipenda watu. Alipenda Mungu. Hayo yangeweza kusemwa juu ya mtu yeyote aliyewahi kufa Goma au Bukoba.

Basi nilirudi kwa Waaislandi. Nilifungua simu nikasoma tena tanzia za mwaka mzima, mfugaji, mwalimu, nahodha, mshonaji, nikitafuta zimejengwaje. Ulitukataza. Uliniahidi. Mbona hukusema? Nani sasa atanichekea? Nilisoma kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, na hapo nikajisikia. Nilikuwa nimeyasikia maneno ya namna hii maisha yangu yote. Katika kila msiba wa kwetu kuna maneno ya aina mbili. Kuna wasifu, unaosomwa na mwanamume mwenye shahada. Na kuna kilio, cha wanawake, nyuma kwenye mikeka, ambacho humwita marehemu "wewe", humuuliza, humlalamikia, humkumbusha siku ya mvua na deni la nguo. Sisi tunaona kimoja ndicho rasmi na kingine ni kelele ya uchungu. Waaislandi, watu wasiopiga kelele hata moto ukitoka ardhini, wao huchapa kilio gazetini.

Naona fahari kusema kwamba niliyagundua hayo mwenyewe, jikoni Saint-Josse, na sijayasoma kwa profesa yeyote.

Nikamwambia Maman. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Unasema kweli," alisema. "Ni kilio. Mais kilio haiandikwe, Diplôme. Haiko kitu ya kuita. Nikikaa hapa nilie ili uandike, nitakuwa nacheza théâtre, na yeye atanicheka."

"Sasa kilio huja lini?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa maji huchemka lini. "Muntu mupya akifika."

Na ni kweli, hata kwetu ni hivyo. Watu wa msibani hutulia, hula, hata hutaniana. Kisha mlangoni akatokea mtu ambaye bado hajaonana na mfiwa, na kilio kikainuka upya kana kwamba kifo kimetokea dakika ile. Nikauliza: ni nani bado hajafika?

"Rafiki yetu wa Liège. Alikuwa kazini. Anafika kesho asubuhi." Kisha akaelewa ninakoelekea. Alikunja na kukunjua pindo la kitenge. "Miye sitakutazama," alisema. "Ukiandika, andika. Sitajua."

Asubuhi nilimpokea mgeni Gare du Nord. Alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyekua na dada hawa wawili nyumba kwa nyumba kule Goma. Njiani alizungumza nami vizuri tu, akauliza kodi za Saint-Josse, akasifu mikate ya Waturuki. Tulipokata kona na kuiona nyumba, alinikabidhi mkoba wake, akafungua kitambaa kichwani, akajifunga nacho kiunoni, na sauti ikamtoka kabla hatujafika mlangoni. Ndani, sauti ya Maman ikamjibu.

Nilipita pembeni, nikakaa kwenye ngazi, mlango wa sebule ukiwa wazi, karatasi juu ya goti. Niliandika kama sijawahi kuandika katika chumba chochote cha mtihani.

"Mudogo yangu weye! Ni hivi utanifanyia? Ulisema Noël utakuwa hapa. Manteau yako nimeshaununua, unaning'inia ku mulango, nani atauvaa? Nani nitamuita Jumapili? Ee, weye muntu wa kichwa nguvu! Ile siku mulima ya Goma ilitoka, sisi wote tulikimbia, miye na batoto ku mugongo, na weye ukarudia mu nyumba. Juu ya nini? Juu ya maharagi! Ukatoka na sufuria ya moto ku kichwa, maji inakushuka mu shingo. Nikakutukana barabara yote ikasikia. Nikasema mudogo yangu ni mujinga, batu banabeba matelas ya kulalia, yeye anabeba maharagi. Na tulipovuka mupaka tukafika Gisenyi, njaa ikatushika, nani alikula ya kwanza? Ni miye! Nilikula mbele ya batoto! Na haukusema kitu. Ukanipa kijiko. Miaka yote hii haukusema. Ungeniambia hata Jumapili moja: Yaya, mujinga alikuwa nani? Ningekujibu! Ningekujibu, mudogo yangu! Sasa unaenda bila kuniuliza, na jibu inanibakia mu mudomo!"

Rafiki wa Liège alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Hata miye nilikula!" alipaza sauti. "Hata miye, mudogo, ulinipa!"

Walipotulia, nilipanda chumbani nikasafisha mwandiko, nikatafsiri. Nilifanya kazi kwa haraka lakini kwa uangalifu, maana Kiingereza hakina pa kuliweka vizuri neno kama mudogo, na sikutaka machozi yake yapotee forodhani. Kisha nikashuka kumsomea Maman kwa Kiswahili, kwa sababu jambo la kuchapishwa lazima likubaliwe na mwenyewe. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Ile ya kula mbele ya batoto pia?"

"Naweza kuitoa, Maman."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia midi. Rafiki wa Liège alishika goti lake. Papa Président, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alifungua mdomo, na Maman akamwinulia kidole kabla hajaanza.

"Acha yote," alisema. "Batu ba kule hawanijue. Yeye ananijua. Nikitoa, atajua nimetoa."

Nikatuma. Mpwa hakupiga simu. Aliandika neno moja tu: Merci. Baadaye akaandika tena kwamba imefika kwa wakati, na kwamba alilazimika kutoka nje kwanza kabla ya kuitafsiri.

Siku ya mazishi ukurasa ulifika kwenye simu yangu asubuhi. Picha ya marehemu ilikuwa juu, na chini yake, mara moja tu, yale niliyoyaandika kwa aya nyingi yamekaa katika mistari michache. Kilio cha Maman kilikuwa cha kwanza. Baada yake walifuata wenzake wa kiwandani. Mmoja alimwambia marehemu kwamba aliimba kwa nguvu kuliko mashine na hakukubali kuvaa vizuia kelele. Mwingine alimlaumu kwa pilipili ya mapishi yake. Niliwasomea watu yote, kwanza katika lugha ya kule, kwa matamshi yangu mwenyewe, ambayo hakuna aliyeweza kuyapinga, kisha kwa Kiswahili.

Papa Président alisikiliza hadi neno la mwisho.

"Na chama chetu?"

"Hakimo, Papa."

"Même pas pale chini?"

"Hata chini."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa juu ya Aislandi.

Ibada ilipoanza tulikaa mbele ya televisheni. Kanisa lilikuwa jeupe na dogo, na lilikuwa limejaa, sikutegemea. Watu wale waliohamishwa katika mji wao walikuwa wamekuja, wamekaa kimya katika makoti meusi. Mpwa alipita katikati akiwa ameshikwa mkono na mwanamke mzee mwenye nywele nyeupe, na hatukujua ni nani. Niligeuka kumwangalia Maman, nikijiandaa kumdaka. Hakuwa analia. Alikuwa amekaa kitako mkekani, mikono mapajani, kama mtu ambaye zamu yake ya kusema imeshapita na sasa anawasikiliza wengine.

Jeneza lilipotolewa nje, picha ikabaki ikionyesha viti vitupu na dirisha lenye mwanga hafifu. Mtu mmoja akazima televisheni.

"Bon," Maman alisema. Alimgeukia rafiki yake wa Liège. "Donc, mazishi nilikuwako."

"Ulikuwako, Yaya."

Aliegemea bega langu ili asimame, akajitengeneza kitenge, akauliza ni nani hajala.